Cha Kutazamwa na Cha Kufichwa: Uchongaji wa Mbao wa Wabambara

Utangulizi

Waswahili wana methali isemayo kwamba kinyago ulichokichonga mwenyewe hakiwezi kukutisha. Maana yake i wazi. Aliyekichonga kitu aijua siri yake; ajua kwamba ndani yake hamna ila mti, basi hana sababu ya kukihofu. Wabambara wa nchi ya Mali, ambao ni miongoni mwa wachongaji mashuhuri kabisa wa Afrika ya Magharibi, wangeishangaa methali hiyo. Kwao, mtu wa kwanza kukabiliwa na hatari ya kinyago ni yule yule aliyekichonga, na kwa sababu hiyo si kila mtu huruhusiwa kushika tezo na kuuingilia mti.

Tofauti hii si ndogo. Inaonyesha kwamba kuiona kazi ya mchongaji hakutoshi. Hapana budi kujua watu wake huiambiaje na huisemaje. Vitabu vingi vilivyoandikwa Ulaya na Marekani vimezoea kuvigawa vinyago vya Wabambara kwa kufuata maumbo yake: vya kuvaliwa usoni, vya kuvaliwa utosini, sanamu za watu, vyombo vya nyumbani. Mgawanyo huo wawafaa wenye makabati ya makumbusho. Lakini Wabambara wenyewe wana mgawanyo mwingine, nao umo katika lugha. Kate Ezra, katika kitabu chake kuhusu sanamu za Wabambara kilichotolewa Washington mwaka 1986, ameeleza kwamba baadhi ya sanamu huitwa mafile fen, yaani "kitu cha kutazamwa". Panapokuwa na kitu cha kutazamwa, yafuata kwamba kipo pia kitu kisichotazamwa. Makala haya yana nia ya kuueleza uchongaji wa Wabambara kwa kuufuata mgawanyo huo, na kuonyesha madhara yaliyotokea pale ulipopuuzwa.

Wabambara na Lugha Yao

Wabambara, au Wabamana kama wanavyojiita wenyewe, wanakaa hasa katika sehemu za kati na za kusini ya Mali, pande zote mbili za Mto Niger, kuanzia wilaya za Bamako hadi Segou, na kuelekea kusini hadi Bougouni. Jadi yao ni kulima mawele na mtama. Lugha yao, Bamanankan, ni mojawapo ya lugha za Kimande, nayo ni ndugu wa karibu wa Kimaninka na Kijula. Huzungumzwa na mamilioni ya watu, wengi wao wakiwa si Wabambara kwa kuzaliwa, kwani imekuwa lugha ya mawasiliano katika sehemu kubwa ya Mali. Katiba mpya ya nchi hiyo iliyotangazwa Julai 2023 imezipa lugha za taifa, Kibambara kikiwa mojawapo, hadhi ya lugha rasmi, na kukiacha Kifaransa kuwa lugha ya kazi.

Ufalme wa Wabambara wa Segou ulipata nguvu mwanzoni mwa karne ya 18 chini ya Mamari Kulibali, aliyejulikana zaidi kwa jina la Biton. Ulidumu hadi mwaka 1861, ulipotekwa na jeshi la Al-Hajj Umar Tall lililopigana kwa jina la Uislamu. Wafaransa nao waliuteka mji wa Segou mwaka 1890. Katika muda wote huo, majirani Waislamu waliwajua Wabambara kuwa watu walioishikilia dini ya mababu zao. Vinyago vinavyozungumzwa hapa vilitokana na dini hiyo, na historia hiyo ya vita na kusilimu ndiyo inayoeleza kwa nini vingi vimetoweka vijijini.

Jamii ya Wabambara iligawanyika kimapokeo katika matabaka. Waliokuwepo ni waungwana, waitwao horon, ambao walikuwa wakulima na wapiganaji, nyamakala, yaani watu wa ufundi wa kurithi, na watumwa. Katika nyamakala wamo jeli, ambao ni malenga na wahifadhi wa nasaba. Garanke, mafundi wa ngozi. Na numu, yaani wahunzi. Wahunzi huoana wao kwa wao, na wake zao ndio wafinyanzi. Numu ndiye mfua chuma, na ndiye pia mchonga mti.

Mhunzi, Mti na Nyama

Kazi ya numu haieleweki bila neno moja la Kibambara: nyama. Msomaji wa Kiswahili aonywe mapema kwamba neno hili limefanana kwa sauti tu na nyama ya kuliwa. Kwa Wabambara, nyama ni nguvu iliyomo ndani ya viumbe na vitu vyote, ambayo huendesha matendo na pia hutolewa na matendo. Kuua mnyama huachilia nyama yake. Kukata mti, kuyeyusha chuma, kutahiri mtoto, hata kutamka maneno mazito, yote huachilia nyama. Nguvu hiyo si njema wala mbaya kwa asili yake, bali asiyejua kuitawala huweza kudhurika, akaugua, akapofuka au akafa. Wako wataalamu waliofasiri neno nyamakala kuwa "mpini wa nyama", yaani kile kinachowezesha mtu kuishika nguvu hiyo bila kuungua, kama vile mpini unavyomwezesha mkulima kulishika jembe. Wengine wameikataa tafsiri hiyo. Hata hivyo inaafikiana na imani ya watu kwamba numu huzaliwa na kinga katika damu yake, akaiongezea kwa elimu anayofundishwa na wazee wake.

Elimu hiyo ni ndefu. Mtoto wa mhunzi huanzia kwenye mvukuto. Kwa miaka mingi kazi yake ni kupuliza moto kwa mapigo yanayolingana, na katika kupuliza hujifunza kustahimili, kutii na kusikiliza. Baadaye hupewa tezo, akaanza kuchonga vitu vya kawaida, kama vile mipini ya majembe, kabla ya kufundishwa kukifua chuma chenyewe. Patrick McNaughton, ambaye alijifunza uhunzi katika nchi hiyo akiwa mwanafunzi wa fundi wa Kibambara, na kuandika kitabu juu ya wahunzi wa Kimande mwaka 1988, amesisitiza kwamba ufundi wa mikono na elimu ya dawa havitengani. Numu ni mhunzi, mganga, mpiga ramli, ngariba na msuluhishi. Watu wa matabaka mengine humhitaji daima. Humheshimu na kumwogopa kwa pamoja.

Mti huchongwa ungali mbichi, na kwa kawaida umbo zima hutolewa katika gogo moja. Numu huanza na tezo kubwa ili kupata kiwiliwili cha jumla, huendelea na tezo ndogo, na humaliza kwa kisu. Kisha huchoma bapa la chuma motoni na kulipitisha juu ya mti mpaka uwe mweusi, na mwishowe huupaka mafuta. Hapa ndipo panapoonekana umoja wa kazi zake mbili: chuma alichokifua mwenyewe ndicho kinachoukata mti, na moto ule ule unaokilainisha chuma ndio unaoupa mti rangi.

Sifa ya kwanza inayotakiwa katika kazi hiyo huitwa jayan, neno ambalo lakaribia maana ya uwazi: kila sehemu iwe mahali pake, isitatanishe, isiongezwe lisilo na haja. Baada ya uwazi huja jako, yaani mapambo yanayokifanya kitu kipendeze, kama vile nakshi, shanga, vipande vya shaba na kauri. Mapambo yakizidi mpaka yakauficha uwazi, basi kazi imeharibika.

Vitu vya Kutazamwa

Sanamu ndogo za watu huitwa yirimogoni. Neno hili laweza kuchambuliwa bila taabu: yiri ni mti, mogo ni mtu, na -ni ni kiambishi cha udogo, yaani "kijitu cha mti". Baadhi ya sanamu hizi zilichongwa kwa ajili ya chama cha Jo, ambacho kilienea hasa katika nchi za kusini. Kila baada ya miaka saba, vijana waliotiwa katika chama hicho walizunguka vijiji wakiimba na kucheza, na wengine walichukua mikononi sanamu ya msichana, au waliiweka kando ya uwanja wa ngoma. Sanamu hiyo yaitwa jonyeleni, yaani "Nyele mdogo wa Jo", na Nyele ni jina apewalo binti mzaliwa wa kwanza. Ni umbo la mwari aliye tayari kuolewa: kiwiliwili chembamba kama nguzo, matiti yaliyochongoka, viganja bapa vilivyoelekezwa mbele, nywele zilizosukwa kama upanga wa jogoo, na nakshi za chale mwilini. Vijana hao walikuwa wamefikia umri wa kuoa, nao waliibeba sura ya kile walichokitamani mbele ya macho ya watu wote. Sanamu hiyo ilipakwa mafuta, ikavishwa shanga na kutazamwa.

Zipo sanamu nyingine kubwa zaidi, za tawi la chama hicho liitwalo Gwan. Mashuhuri katika hizo ni Gwandusu, mama aliyeketi na mtoto wake kifuani. Sanamu hizi zilitolewa hadharani mara moja kwa mwaka, zikaoshwa, zikapakwa mafuta na kuvishwa. Wanawake waliokuwa wamekosa uzazi walikuja kuomba, na waliojaliwa walirudi na shukrani. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba Gwandusu hakuchongwa kama mama mnyonge. Aghalabu huwa na kofia iliyojaa hirizi na pembe, kama za wawindaji, na kisu kilichofungwa mkononi. Hizo ni alama za wanaume hodari, naye huzivaa huku akinyonyesha. Mchongaji alikuwa anaeleza kwamba kuzaa na kulea kwahitaji nguvu isiyopungua ile ya vitani na porini.

Sanamu ya tatu ni ya huzuni. Pacha mmoja akifa, wazazi walimwendea numu awachongee kijitu cha mti cha jinsia ya marehemu, kiitwacho flanitokele, yaani "pacha aliyebaki". Kijitu hicho kilipewa jina, kikaoshwa na kuvishwa pamoja na pacha aliye hai. Huyo alipokua na kuoa au kuolewa, kilichongwa kijitu cha pili cha jinsia nyingine, kikawekwa kando ya kile cha kwanza, ili marehemu naye asikose mwenzi. Katika mila hii hamna ngoma wala halaiki ya watu. Mna familia moja tu na mtoto wake mmoja.

Watoto wa kiume ambao hawajatahiriwa walikuwa na chama chao, N'tomo. Kinyago chake huvaliwa usoni. Juu ya paji la uso pana safu ya pembe zilizopangwa kama meno ya chanuo, na uso wenyewe mara nyingi hufunikwa kwa kauri. Dominique Zahan, Mfaransa aliyeandika kitabu juu ya vyama hivi mwaka 1960, ameeleza kwamba idadi ya pembe ina maana: tatu au sita ni za kiume, nne au nane ni za kike, na mbili, tano au saba ni za jinsia zote mbili kwa pamoja, kwani mtoto kabla ya kutahiriwa huhesabiwa kuwa na sehemu ya kila jinsia. Kinywa cha kinyago hiki ni kidogo sana. Fundisho la kwanza la N'tomo ni kuzuia ulimi, na mchongaji ameliandika fundisho hilo usoni ili watoto wasilisahau.

Ciwara, Mnyama wa Kulima

Kinyago cha Wabambara kinachojulikana zaidi duniani ni ciwara, ambacho hutamkwa "chiwara". Neno hili limeungwa kwa ci, yaani kazi ya kulima, na wara, yaani mnyama wa mwituni. Masimulizi ya jadi husema kwamba Ciwara alikuwa kiumbe nusu mtu na nusu mnyama, ambaye aliwafundisha wanadamu kulima. Kwa kutumia kucha zake na fimbo aliugeuza udongo, na nyasi za porini zikawa nafaka. Watu wakashiba, na waliposhiba wakawa wafujaji wa chakula. Ciwara akaona uchungu, akajizika ardhini. Watu walipojuta walichonga mti kwa ukumbusho wake.

Kinyago hiki hakivaliwi usoni bali utosini, kikiwa kimefungwa juu ya kofia ya kusukwa. Mchezaji hufunikwa mwili mzima kwa nyuzi nyeusi, huinama na kushika fimbo mbili, akatembea kama mnyama wa miguu minne. Daima huwapo wawili, dume na jike, na wachezaji wote ni wanaume. Dume huwa na umbo la korongo, yule swala mkubwa mwenye manyoya marefu ya shingoni. Jike huwa na pembe zilizonyooka za choroa, na mgongoni amebeba mtoto kama mama wa Kiafrika abebavyo mwanawe shambani. Chini ya pembe hizo mara nyingi huonekana mwili wa mhanga au wa kakakuona, wanyama ambao huchimba ardhi. Hivyo ciwara mmoja aweza kuwa na viungo vya wanyama watatu, nao hawakukusanywa ovyo: kila mmoja ameleta sifa anayoihitaji mkulima, yaani nguvu, ustahimilivu na ujuzi wa kuupenya udongo. Zahan ameongeza kwamba kinyago hicho ni jua, nyuzi ni maji ya mvua, na dunia inayokanyagwa ndiyo inayopokea vyote viwili.

Maumbo hutofautiana kwa nchi. Katika upande wa Segou vinyago husimama wima, na manyoya ya dume hutobolewa kwa ustadi mpaka hewa yapita kati yake. Kaskazini ya Bamako, katika Beledugu, pembe hulala nyuma, na mara nyingi kichwa na kiwiliwili huchongwa katika vipande viwili na kuunganishwa shingoni kwa chuma, jambo lisilo la kawaida katika uchongaji wa Kiafrika. Katika nchi za Bougouni na Wasulu mnyama hupunguzwa mpaka akawa mistari na pembe tu.

Ngoma hiyo ilichezwa wakati wa kulima. Vijana walishindana kwa jembe, mstari kwa mstari, na wanawake waliimba nyuma yao kuwatia moyo. Aliyeshinda aliitwa ciwara, na hadi leo jina hilo ni sifa ya mkulima hodari. Yafaa kukumbuka kwamba nchi hiyo ina mvua ya miezi michache tu kwa mwaka. Mkulima akichelewa wiki mbili, watoto wake huona njaa. Ngoma ya ciwara ilikuwa burudani, naam, lakini ilikuwa burudani yenye kazi ya kujaza maghala.

Vitu vya Kufichwa

Kinyume cha haya yote ni vinyago vya chama cha Komo. Kiongozi wake, komotigi, ni mhunzi. Kazi ya chama ilikuwa kulinda kijiji na wachawi, kuamua kesi nzito na kupiga ramli. Kinyago chake huitwa komokun, yaani "kichwa cha Komo". Huvaliwa kichwani kwa ulalo, na kina taya kubwa kama za fisi au za mamba. Mti wenyewe hauonekani sana, kwani umefunikwa kwa pembe za swala, miiba ya nungunungu, manyoya ya ndege, na utando mzito wa damu na nafaka za sadaka uliorundikana mwaka baada ya mwaka. Pembe ni nguvu ya porini. Manyoya ni elimu ya angani. Miiba ni silaha. Mnyama wa namna hiyo hayupo popote duniani, na hilo ndilo kusudi.

Hapa kanuni ya jayan imepinduliwa makusudi. McNaughton amelitaja neno dibi, yaani "giza", kuwa ndilo lieleweshalo sura ya Komo. Uwazi ni wa vitu vinavyopaswa kueleweka. Giza ni la vitu vinavyopaswa kuogopwa. Numu aliyemchonga jonyeleni akang'arisha kila ukingo ndiye yule yule anayekiacha kichwa cha Komo kiwe kama bonge lisilo na mipaka. Wasioelewa jambo hili waliwahi kuona katika Komo uchongaji wa ovyo. Ukweli ni kwamba hiyo ni kazi ya fundi aliyejua lini awe wazi na lini afiche. Na kwa kuwa vitu hivyo vimejaa nyama, kuvitengeneza kwahitaji sadaka, faragha na elimu nyingi ya kinga. Hiyo ndiyo sababu methali ya Waswahili isingekubalika kwa Mbambara.

Komo ilipotoka usiku, wanawake, watoto na wageni walijifungia ndani. Waliisikia sauti yake tu. Chama cha Kono nacho kilikuwa na kinyago chake chenye mdomo mrefu na masikio makubwa, pamoja na boli, yaani kifaa cha ibada ambacho mara nyingi kina umbo la mnyama wa miguu minne, chenye kiini kilichofungwa kwa nguo na kufunikwa kwa udongo na damu ya sadaka. Boli hakuwa mapambo. Alilishwa, akaombwa, akaogopwa.

Mwaka 1931

Mnamo mwaka 1931 serikali ya Ufaransa ilituma msafara wa wataalamu kuvuka Afrika kutoka Dakar hadi Djibouti, chini ya uongozi wa Marcel Griaule. Msafara huo, uliomalizika mwaka 1933, ulirudi Paris na vitu zaidi ya 3,000. Katibu wake, Michel Leiris, aliandika shajara ya kila siku, ambayo ilichapishwa mwaka 1934. Humo ameeleza bila kuficha yaliyotukia Septemba 1931 katika vijiji vya Kéméni na Dyabougou. Huko Kéméni wageni walitaka kuingia katika nyumba ya Kono. Walipowekewa masharti ya sadaka, walimwambia mkuu wa kijiji kwamba atoe vitu hivyo kwa faranga 10, la sivyo atakamatwa na polisi. Wanakijiji waliogopa kuvigusa kwa ajili hiyo, basi wageni waliingia wenyewe wakavichukua. Siku iliyofuata, huko Dyabougou, walichukua boli mwingine.

Vitu hivyo viliwekwa katika makumbusho ya Paris, na sasa vimo katika Makumbusho ya Quai Branly, yaliyofunguliwa mwaka 2006. Kitu ambacho mwanamke wa Kéméni asingekiona maishani mwake kikawekwa nyuma ya kioo, kikamulikwa kwa taa ili kila apitaye akitazame. Kwa lugha ya Wabambara, kitu cha kufichwa kiligeuzwa kuwa mafile fen bila idhini ya wenyewe. Kosa, basi, lilikuwa la namna mbili: kwanza unyang'anyi, na pili kufuta maana. La kwanza huweza kusahihishwa kwa kukirudisha kitu. La pili ni gumu zaidi, kwa sababu kitu kilichozoeleka kutazamwa hakiwezi tena kufichwa.

Mjadala huu umeamka upya. Ripoti ya Felwine Sarr na Bénédicte Savoy, iliyotolewa kwa serikali ya Ufaransa Novemba 2018, ilipendekeza kurudishwa kwa vitu vilivyochukuliwa kwa njia zisizo halali wakati wa ukoloni, vikiwemo vile vya misafara ya kisayansi. Mwaka 2025 Quai Branly iliandaa maonyesho juu ya msafara wa 1931, ambayo yalitokana na uchunguzi wa wataalamu wa Kiafrika na wa Kifaransa waliorudi katika vijiji husika kuwauliza wazee.

Wenyewe na Vinyago Vyao

Lakini si haki kusema kwamba vinyago vyote vilinyang'anywa na wageni. Katika karne ya 20 Wabambara wengi walisilimu, na baadhi yao wenyewe walivitupa, walivichoma au waliviuza vitu vya mababu. Kazi za lazima na kilimo cha pamba chini ya utawala wa kikoloni, mathalan katika mradi wa umwagiliaji wa Office du Niger ulioanzishwa mwaka 1932, ziliwatoa vijana vijijini. Chama kisicho na vijana hakina wa kumtia. Kisha wakaja wafanyabiashara, na baada yao vinyago vya kuigiza, vilivyofukizwa moshi ili vionekane vya kale.

Swali linalowakabili Wamali si jepesi. Mzee aliyesilimu, akauza komokun cha babu yake, alifanya hivyo kwa imani yake mpya. Nani aweza kumwambia kwamba alikosea? Na mtaalamu anayetaka kukihifadhi kitu hicho katika Makumbusho ya Taifa mjini Bamako, je, akionyeshe au akifiche? Makumbusho hayo, ambayo yalianza mwaka 1953 na kupata jengo lake la sasa mwaka 1982, hayawezi kulikwepa swali hilo, kwani watazamaji wake ni wana na mabinti wa watu ambao kwao mwiko huo ulikuwa sheria. Mali ilipitisha sheria ya kulinda urithi wa utamaduni mwaka 1985, lakini sheria hulinda kitu. Hailindi elimu ya kukitumia.

Hata hivyo uchongaji haukufa. Katika wilaya za Segou na Markala vijana wa vijijini wangali wanachezesha sogobo, yaani "kutoka kwa wanyama", ambamo sanamu kubwa na vikaragosi vya mbao vilivyopakwa rangi huchekesha na kukosoa watu hadharani. Michezo ya Markala iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2014. Na sanamu ya ciwara imekuwa nembo inayojulikana na kila Mmali, awe Mbambara au asiwe. Hivi vyote ni vitu vya kutazamwa. Vilivyodumu hadharani ni vile ambavyo tangu asili vilikuwa vya watu wote. Vilivyokuwa vya siri vimekufa au vimejificha zaidi.

Hitimisho

Yaliyoelezwa hapa yathibitisha kwamba uchongaji wa Wabambara hauwezi kutengwa na lugha yao. Mwenye kuliona umbo la swala katika ciwara bila kulijua neno ci ameona mnyama, hakuona shamba. Mwenye kuuona mti mweusi wa flanitokele bila kujua maana ya jina lake hakuona msiba wa mama. Na mwenye kukitazama kichwa cha Komo bila kulijua neno dibi hajui kwamba alipaswa kuyafumba macho.

Wajibu wa idara za lugha za Kiafrika katika jambo hili ni mkubwa kuliko unavyodhaniwa. Majina ya sehemu za kinyago, ya zana, ya sifa za kazi njema na ya makosa ya fundi, yote yamo vinywani mwa wahunzi wazee, na hayamo katika kabati lolote la Paris wala New York. Kinyago kilichochukuliwa chaweza kurudishwa baada ya miaka 100. Neno lililokufa pamoja na numu wa mwisho aliyelijua halirudishwi na serikali yoyote.